Programu isiyojengeka bila mtandao isilipiwe

Hapa Kisangani programu ya kompyuta hununuliwa kwa macho. Daktari mkuu wa kanda ya afya, mkuu wa shule ya misheni au mwenye duka la jumla pale Makiso huletewa kompyuta ya mkononi, anaonyeshwa kurasa za rangi, anabonyeza hapa na pale, ripoti inatoka kwenye printa, watu wanapiga makofi, bahasha inatolewa. Nimehudhuria hafla za namna hiyo, nyingine nikiwa upande wa wanaopokea bahasha. Sijamsikia mnunuzi akiuliza swali ambalo kwa maoni yangu lingetangulia yote: wewe ukiondoka, mtu mwingine ataweza kuijenga upya programu hii kwenye mashine nyingine, hapa hapa mjini, siku ambayo mtandao haupo?

Kwa nyingi nilizozifungua, jibu ni hapana. Wala aliyeiandika si mjinga. Tatizo liko kwenye maktaba.

Hakuna mwandishi wa programu anayeandika kila kitu kwa mkono wake. Akitaka programu isome faili la Excel, itoe PDF au izungumze na hifadhidata ya MySQL, huchukua vipande vilivyokwisha andikwa na watu wengine, mara nyingi bure, akavifunga kwenye kazi yake. Vipande hivyo ndizo maktaba. Mradi mdogo wa kuhesabu dawa unaweza kutaja maktaba kumi, lakini kila moja inaegemea nyingine, na hizo nyingine zina za kwao, hadi unakuta umebeba themanini ambazo hujawahi hata kuzisikia majina. Kuzifuatilia moja moja ni kazi ya kichaa. Ndiyo maana kuna zana za kujengea.

Kwa lugha ya Java zana iliyoenea zaidi ni Maven, ya wakfu wa Apache, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2004. Mfumo wa DHIS2, ambao wizara yetu ya afya huutumia kukusanya takwimu kutoka vituoni, umeandikwa kwa Java na hujengwa kwa Maven. Kiini cha kila mradi wa Maven ni faili moja, pom.xml. Humo kila maktaba huandikwa kwa vitambulisho vitatu: kundi lililoitoa, jina lake, na namba ya toleo. Ukiamuru mradi ujengwe, Maven husoma faili hilo, hupekua folda iliyofichwa iitwayo .m2 ndani ya mashine yako, na isipoona inachotafuta huenda kukivuta kwenye ghala kubwa la dunia, Maven Central. Wanaoandika JavaScript wana npm na Yarn, wa Python wana pip, wa PHP wana Composer. Desturi ni ile ile.

Mtego umo katika ile folda iliyofichwa. Kwenye mashine ya mwandishi kila kitu kimekwisha vutwa zamani, kwa hiyo mradi wake hujengeka asubuhi na jioni bila malalamiko, mtandao uwepo usiwepo. Yeye haoni kinachokosekana. Atakayekiona ni mwingine, baadaye, akiwa na flashi mkononi.

Huyo mwingine huwa ni mimi. Mama mmoja anayesimamia depo ya dawa alinijia na maneno haya: “Papa, mashine imekufa, lakini usiogope, programu yote ninayo kwenye flashi.” Kampuni iliyoiandika ilikuwa ya mji mwingine na simu yake ilikuwa haipokelewi tena. Flashi ilikuwa nzima. Folda ya msimbo ilikuwemo, imepangwa vizuri, yenye maelezo ya Kifaransa safi. Nikafungua pom.xml na kusoma mistari mitatu, nikamwomba Mama akae.

Mstari wa kwanza ulikuwa wa kiunganishi cha MySQL. Pale ambapo namba ya toleo hukaa palikuwa na neno LATEST, yaani: niletee jipya kuliko yote. Siku programu ilipoandikwa, jipya lilikuwa la mfululizo wa 5.1. Siku nilipokaa mimi, ghala likaniletea la mfululizo wa 8.0. Tofauti hiyo ilionekana mahali ambapo mtu mwenye akili timamu asingepachungulia. Katika depo kulikuwa na maboksi yaliyoingizwa bila tarehe ya kwisha muda, na hifadhidata huyaandika kwa sufuri tupu, mwaka, mwezi na siku. Kiunganishi cha 5.1 kilikubali kuambiwa “convertToNull”, kwamba sufuri hizo zihesabiwe kuwa hakuna kitu. Cha 8.0 kinataka neno lile lile liandikwe CONVERT_TO_NULL, herufi kubwa na mistari ya chini. Ukiandika kwa namna ya zamani, kinakataa kufungua hifadhidata nzima. Maelfu ya mistari ya dawa hayafunguki kwa sababu ya herufi kubwa.

Mstari wa pili ulielekeza kwenye ghala la JCenter. Kampuni ya JFrog, mwenye ghala hilo, ilitangaza Februari 2021 kwamba inalifunga. Likabaki la kusomwa tu kwa muda, na mwaka 2024 kila aliyeomba kitu huko akawa anaelekezwa Maven Central. Kilichokuwepo pande zote mbili kinapatikana bado. Kilichokuwa JCenter peke yake kimekwenda, na maktaba ndogo ya kuchapa lebo za depo ilikuwa ya aina hiyo.

Mstari wa tatu ndio ulionifanya nizime mashine kidogo nikanywe maji. Ulitaja maktaba yenye jina la ile ile kampuni iliyoandika programu, toleo 1.0-SNAPSHOT. Vifaa vyao vya ndani: namna ya kuandika tarehe, namna ya kuchapa nembo, vitu vidogo. Hawakuwahi kuiweka kwenye ghala lolote. Iliishi kwenye folda ya .m2 ya kijana mmoja, kwenye kompyuta yake, na kijana huyo hayupo. Hapo ungeweza kumletea Mama mtandao wa Paris nzima, usingesaidia. Kitu kisichokuwepo duniani hakivutwi.

Kilichotuokoa kilikuwa kwa mhasibu wa depo. Kwenye mashine yake, ndani ya folda ya picha za harusi, palikuwa na nakala ya zamani ya programu ikiwa imekwisha jengwa, faili moja lenye mkia wa .war. Faili la namna hiyo ni furushi tu. Unalifungua kama zip yoyote, na ndani yake kuna folda WEB-INF/lib yenye maktaba zote zilizotumika siku ile, kila moja na namba ya toleo kwenye jina lake. Mysql-connector-java-5.1.38 ilikuwepo. Ile ya lebo ilikuwepo. Ile ya kijana ilikuwepo. Nikazitoa zote, nikaziweka kwenye folda ya mradi wenyewe, nikaandika namba kamili mahali pa LATEST, na programu ikajengeka huku simu yangu ikiwa imezimwa.

Basi hoja yangu ni hiyo folda. Maktaba za mradi zikae na mradi. Kila mradi na zake, kwa matoleo yaliyoandikwa kwa namba, ndani ya furushi lile lile analokabidhiwa mwenye mali.

Kuna wanaoniambia nusu ya hoja hiyo inatosha: weka maktaba mahali pamoja kwenye mashine, miradi yote ichote hapo, uokoe nafasi. Ndivyo wengi wetu tulivyofundishwa. Java yenyewe ilikuwa na folda ya lib/ext ambamo ungeweza kutupa maktaba yoyote na kila programu ya mashine ikaiona. Ilikuwa raha hadi siku mradi wa pili ulipotaka toleo jingine. Java 9, iliyotoka Septemba 2017, iliiondoa njia hiyo kabisa, na sijaona aliyelia. Upande wa Python, Debian ya mwaka 2023 ilianza kukatalia pip kumwaga maktaba kwenye mfumo mzima. Inakutaka utenge mazingira ya mradi kwanza. Waliotengeneza zana hizi wamechoka kuzozana na miradi inayonyang’anyana maktaba moja.

Hata ndani ya mradi mmoja ugomvi huo upo. Tuseme umetaja maktaba mbili, moja inataka Guava ya Google toleo la 18, nyingine inataka la 28. Maven haibebi zote mbili, wala haichagui iliyo mpya. Huchukua iliyo karibu zaidi na mradi wako katika msururu wa utegemezi, na zikiwa sawa kwa umbali, iliyotajwa kwanza kwenye faili. Programu itajengeka bila neno. Itafunguka. Itaonyeshwa kwenye hafla na makofi yatapigwa. Kisha mwisho wa mwezi mtu atabonyeza ukurasa wa ripoti ambao haujabonyezwa tangu hafla, na programu itaanguka ikilalamika kwamba kuna kitu inakiita na hakipo. Ukiwa na folda ya maktaba mbele yako, unaona mara moja ni Guava gani iliyoingia. Ukitegemea kumbukumbu ya mashine, unaanza kupiga ramli.

Msomaji asidhani haya ni ya wauza dawa na wahasibu. Mkoa wetu wa Tshopo unajulikana duniani kwa msitu, na utafiti wa msitu siku hizi hufanywa kwa programu. Mradi wa FORETS, ambao jina lake refu linaitaja Tshopo yenyewe, uliosimamiwa na kituo cha utafiti wa misitu CIFOR kwa fedha za Umoja wa Ulaya, umesomesha vijana wengi wa shahada za juu katika Chuo Kikuu cha Kisangani, na kazi zao nyingi ni za Yangambi, kilomita mia hivi kwa kufuata mto. Vijana hao hupima miti, hurudi na daftari, na hesabu zao huzifanya kwa lugha ya R. R nayo ina maktaba zake, na ghala lake huitwa CRAN.

Oktoba 2023 maktaba tatu ambazo karibu kila mwenye ramani alizitumia, rgdal, rgeos na maptools, ziliondolewa CRAN. Aliyezitunza kwa miaka, Roger Bivand wa Norway, alikuwa anastaafu. Alikuwa ametangaza mapema, na mbadala zake, sf na terra, zilikuwepo. Hakuna wa kulaumiwa. Lakini kijana anayekuja kwangu leo hakusoma tangazo. Amepewa na promota wake, yaani msimamizi wa utafiti wake, msimbo wa memuari (tasnifu) ya mwaka 2019, mstari wa kwanza unaiita rgdal, na mashine inamwambia haipo. “Yaya, kwa promota ilikuwa inatembea.” Ilikuwa inatembea, ndiyo, kwenye mashine ya promota. Matoleo ya zamani bado yamo katika kumbukumbu za CRAN, ila kama msimbo ghafi, na kuyajenga kwenye Windows ya mwanafunzi kunahitaji vifaa vingine vizito kuliko memuari yenyewe. Kijana anaishia kuandika upya kazi ya mwenzake badala ya kuiendeleza. Halafu tunashangaa kwa nini hesabu za miti ya shamba lile lile, za mwaka ule ule, zinatofautiana kati ya memuari na memuari.

Kwa R kuna kifaa cha renv ambacho huandika orodha ya maktaba za mradi na matoleo yake kwenye faili moja. Ningependa kila memuari inayowekwa kwenye maktaba ya chuo, ile ya rafu na vumbi, iambatane na faili hilo, na maktaba zenyewe zikiwa zimefungwa pamoja na data. Jopo linalouliza mwanafunzi kwa nini pambizo zake ni sentimita mbili na nusu linaweza pia kumuuliza hilo.

Wapinzani wangu wakubwa ni vijana waandishi wenzangu, na wana maneno mawili. La kwanza: kubeba maktaba ndani ya mradi ni ushamba, kitabu kinasema weka orodha tu, zana itavuta. La pili: subiri, mtandao unakuja.

Nianze na la pili. Ni kweli unakuja. Mei 2025 mamlaka ya mawasiliano ya nchi yetu, ARPTC, ilitangaza kuipa Starlink leseni, baada ya kuikataza mwaka uliotangulia. Nimefurahi. Lakini mtandao mzuri haukuwasaidia wenye mtandao mzuri kuliko wote. Machi 22, 2016, mwandishi mmoja, Azer Koçulu, alikosana na npm kuhusu jina la mradi wake, akaondoa kazi zake zote zaidi ya 250 kutoka kwenye ghala. Mojawapo ilikuwa left-pad, mistari 11 tu, ya kujaza nafasi upande wa kushoto wa maandishi ili yafikie urefu unaotakiwa. Kazi ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeiandika akisubiri toleka, ile teksi ya baiskeli. Miradi ya dunia nzima ikaacha kujengeka, ikiwamo iliyotegemea Babel na React, zana mashuhuri za JavaScript, hadi npm ilipoirudisha saa chache baadaye. Walioumia siku ile walikuwa California na London, wenye nyuzi za mwanga hadi jikoni. Januari 15, 2020, Maven Central yenyewe iliacha kuitikia maombi yasiyo salama ya HTTP. Uamuzi sahihi kabisa. Ila Maven yoyote ya kabla ya 3.2.3 ilikuwa ikitumia njia hiyo hiyo kwa kawaida yake, na mashine zenye Maven za umri huo bado ninaletewa, zikionyesha kosa la 501 na mwenye mashine akidhani mega za intaneti zimekwisha.

La kwanza, la ushamba, linanichekesha zaidi. Facebook walipotangaza Yarn mwezi Oktoba 2016 walieleza kwa nini waliitengeneza. Mashine zao za kukagua msimbo zilikuwa zimekatwa na intaneti kwa makusudi, kwa ajili ya usalama na uhakika. Wakajaribu kuweka maktaba zote ndani ya mradi. Ilifanya kazi, ila ilikuwa nzito. Kubadilisha toleo dogo la Babel kulizaa badiliko la mistari 800,000. Kwa hiyo Yarn ikaja na vitu viwili: faili la kufuli linaloandika toleo kamili la kila maktaba, na namna ya kuweka mafurushi ya maktaba kwenye folda ya mradi ili ujenge bila mtandao. Kampuni tajiri namna ile ilichagua kuishi tunavyoishi sisi mvua ikinyesha, na ikatengeneza zana kwa ajili ya maisha hayo. Zana ipo, ni bure. Hapa kwetu Kongo kuna BHIMA, mfumo huria wa hospitali za vijijini unaotengenezwa na watu walioko nchini humu. Msimbo wake uko wazi, na faili la kufuli limo ndani. Wanaosema haiwezekani kwetu wakautazame.

Wala desturi hii si ngeni kwetu. Mekanisia wa boti inayoteremka kutoka hapa hadi Kinshasa, kilomita zaidi ya 1,700 za mto, hapakii injini peke yake. Anabeba mikanda, ringi za pistoni, chujio, vya ukubwa wa injini ile ile. Hafanyi hivyo kwa kuwa Bumba au Lisala hakuna maduka. Anajua tu kwamba duka litakuwa na mkanda, na mkanda hautakuwa wake.

Hoja ya tatu ni nzito zaidi na sikuisikia kwa vijana. Niliisikia kwa daktari mmoja, mtu makini, aliyesoma habari za Desemba 2021. Mwezi huo ilijulikana kwamba Log4j, maktaba ya kuandika kumbukumbu inayotumiwa na programu nyingi za Java, ilikuwa na shimo baya katika matoleo ya kuanzia 2.0 ya majaribio hadi 2.14.1. Mshambuliaji alihitaji kutuma maneno fulani yaandikwe kwenye kumbukumbu, na seva ingekwenda yenyewe kuvuta msimbo wa adui na kuutekeleza. Matoleo ya kuziba, 2.15, 2.16 na 2.17, yalifuatana ndani ya majuma machache. “Sasa wewe,” akaniambia daktari, “unataka tufungie maktaba zetu kwenye folda. Si utakuwa umetufungia na mwizi ndani?”

Ana haki ya kuuliza. Maktaba iliyowekwa kwenye folda haizeeki vizuri; inaoza taratibu, na folda haimtumi mtu ujumbe. Nilichomjibu ni kwamba swali la kwanza Desemba ile kila mahali lilikuwa moja: je, sisi tunayo? Mwenye mradi wenye orodha na folda yake alitafuta jina log4j-core, akaona namba, akajua kabla chai haijapoa. Asiyekuwa nayo alibaki kuulizana kwa simu na watu walioondoka. Neno LATEST halikumlinda, kwa sababu programu iliyokwisha jengwa haijijengi upya usiku. Inabaki na kile ilichovuta siku ile, ila sasa hakuna anayejua ni kipi. Baada ya kujibu nikamwambia na lile lisilopendeza, kwamba hospitali inayonunua programu inapaswa kutenga fedha kila mwaka za mtu wa kufungua folda hiyo, kulinganisha matoleo na matangazo ya usalama, kubadilisha panapobidi na kujenga upya. Hakufurahi. Bajeti ya programu hapa kwetu ni ya siku ya hafla.

Kwa hiyo naomba kitu kidogo kwa wenye bahasha. Nusu ya mwisho ya malipo ishikwe hadi jaribio moja lifanyike mbele yako. Iletwe mashine ambayo haijawahi kuiona programu hiyo. Simu ziwekwe mezani zikiwa zimezimwa, waya wa mtandao ung’olewe. Mwandishi akupe flashi yenye msimbo, folda ya maktaba zote kwa namba zake, Java na Maven au chochote anachotumia, na ukurasa mmoja wa maelezo kwa lugha unayoisoma. Kisha mtu mwingine, asiyekuwa mwandishi, afuate ukurasa huo na kuijenga. Huna haja ya kuelewa kinachopita kwenye skrini. Ikifunguka, lipa. Maktaba za mradi wa kawaida wa Java hazizidi mamia machache ya megabaiti. Flashi ya kuzibeba inauzwa sokoni kwa bei ya chakula cha mchana. Kampuni zitakuambia jambo hilo linaongeza gharama. Linaongeza, siku moja hivi ya kazi, na mwandishi aliyezoea hulimaliza kwa saa chache.

Kwa chuo kikuu ombi langu ni kubwa zaidi. Zipo programu za ghala la kati, Nexus ya Sonatype kwa mfano ina toleo la bure, ambazo hukaa kwenye seva moja na kuvuta kila maktaba mara moja tu. Mwanafunzi wa pili anayeihitaji huipata kwa waya wa ndani, bila kununua mega. Leo darasa zima la informatiki huvuta maktaba zile zile, kila mmoja kwa simu yake na fedha ya wazazi wake. Seva ya kazi hiyo haihitaji nguvu nyingi. Inahitaji diski, paneli ya jua, na mtu mwenye ufunguo wa chumba.

Kwangu, nyuma ya karakana, kuna kompyuta ya mezani ya zamani inayofanya hivyo kwa kiasi chake. Wanaokuja hawalipi. Sharti ni kwamba ukichukua maktaba zilizopo, uache ambazo sikuwa nazo, na uandike kwenye daftari namba ya toleo. Wengi huandika vizuri. Wachache bado huandika “mpya”, nami huwarudishia daftari.